Bendi Hufuata Besi

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, nilifungua mlango wa ghala la nyuma katika hoteli moja ya Diani, nikakuta kazi ambayo ingenichukua miaka kumi na saba. Saa ninaikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeagizwa niandike muda wa kuanza na wa kumaliza kila chumba. Hoteli ilikuwa inafungwa. Watalii walikuwa wamekauka, na mimi, fundi wa friji na viyoyozi, nilikuwa nimebakishwa wiki mbili zaidi ya wenzangu ili nitenge cha kuuzwa na cha kutupwa.

Chini ya magodoro yaliyooza na mito ya viti vya ufukweni palikuwa na ala tatu za shaba, mabaki ya bendi ambayo hoteli iliwahi kuwa nayo kabla sijaajiriwa. Zilikuwa kubwa, za aina ile inayobeba sauti ya chini kabisa, ambayo wapigaji wa tarumbeta za harusi huku kwetu huiita besi. Moja ilikuwa imebondeka ubavu mzima. Ya pili haikuwa na pistoni zinazobonyezwa kwa vidole. Ya tatu ilikuwa nzima, ila nyigu walikuwa wamejenga ndani. Mimi sikujua noti hata moja. Nilichokijua ni mabomba. Nikalifuata bomba kwa kidole, kutoka pale pa kutia mdomo hadi pale linapofunguka kama bakuli, nikahesabu mikunjo, nikakadiria urefu. Mita nne! Mita nne za bomba zimekunjwa zikaenea kifuani mwa mtu, na hakuna mkunjo hata mmoja uliobonyea. Mimi nilikuwa nimekunja mabomba ya viyoyozi miaka kumi na mitano, na sikuweza kufanya hivyo. Nilitaka kujua aliyeweza alifanyaje.

Nikaitia mdomoni ile ya tatu, nikapuliza. Kilitoka kishindo pamoja na vumbi la nyigu, na tumbili waliokuwa juu ya bati wakatimka. Meneja akaja mbio.

"Kumetokea nini humu?"

"Hewa, bwana. Ilikuwa imefungiwa siku nyingi."

"Hizo takataka. Zitoe."

Nikazitoa. Nilizitoa hadi nyumbani kwangu Bongwe, kwa tuktuk, mbili zikiwa kitini na moja nimeikumbatia. Dereva, kijana wa bara, aliniangalia kwenye kioo muda mrefu, halafu akauliza, "Mzee, hiyo ni ekzosi ya gari gani?" Nikamwambia ni ya meli. Aliamini, akaniongezea nauli.

Nimestaafu mwezi uliopita. Kifua kimekataa moshi, na macho yanataka taa mbili pale yalipotosheka na moja. Nyinyi mnaobaki katika karakana yetu ya ala mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo sina, maana katika karakana ya watu watatu cheo ni nani anashika ufunguo. Nitaandika yale ambayo ningependa mtu angeniambia mimi mapema.

La kwanza: shaba ya manjano si shaba nyekundu. Ninyi mnacheka, lakini mimi sikulijua. Mabomba ya viyoyozi ni shaba nyekundu tupu, nayo huvumilia moto mkali wa gesi hadi iwe rangi ya kaa. Nilichukua ile besi iliyobondeka, nikailenga kwa moto ule ule niliouzoea, na katika muda wa kuhesabu hadi kumi na mbili kipande cha bomba kiliinama, kikalegea, kikadondoka sakafuni kama samli. Nilikaa nikakiangalia. Halafu, badala ya kuhuzunika, nilienda kutafuta daftari. Niliandika tarehe, unene wa bomba, umbali wa moto na hesabu ya kumi na mbili. Daftari hilo ndilo la kwanza kati ya yale kumi na moja yaliyo kwenye rafu. Yasomeni. Kurasa nyingi ni za makosa, na makosa yameandikwa vizuri.

Aliyenifundisha moto ni Fundi Mwarandani, aliyekuwa akitengeneza rejeta za malori Ukunda, nyuma ya soko. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba ya manjano, nyembamba kama karatasi ya sandarusi, na yeye alikuwa akiziziba bila kuzichoma. Nilienda kwake na kipande changu kilichoyeyuka. Alikigeuzageuza.

"Hiki kimefanywa nini?"

"Nimekilehemu."

"Hukukilehemu wewe. Umekichoma mishikaki." Akaita jirani zake waje watazame. "Njooni mwone! Fundi wa barafu amejifunza moto!"

Jina la Fundi wa Barafu lilinikaa Ukunda nzima. Lakini Mwarandani alinikubali, kila Jumamosi, na wiki tatu za kwanza hakuniachia nishike chochote isipokuwa kitambaa. Alinifumba macho kwa kitambaa hicho hicho, akapitisha moto chini ya kipande cha bati lililopakwa dawa ya kulehemu, akataka nimwambie kwa harufu tu ni lini dawa imeanza kuchemka. Nilipokosa alinipiga kikumbo. Nilipopata, akaweka bati jingine. Kisha akanifundisha maneno mawili ambayo nimeyarudia kwenu hadi mmechoka: moto uzungushe, usiusimamishe, na risasi ya kulehemu hufuata joto, ukitaka iende kule, peleka moto kule. Siku niliyolehemu kiungo cha besi kwa mara ya kwanza, na risasi ikazunguka bomba lote peke yake, nyembamba, inang'aa kama uzi wa fedha, nilipiga kelele. Mwarandani aliinua kichwa kwenye rejeta yake. "Usimwamshe mtoto wa jirani," akasema. "Fanya tena."

Majina ya sehemu tulijitungia, kwa kuwa sikupata mtu wa kunipa. Bomba la kwanza baada ya mdomo tukaliita koo. Mkunjo mkubwa wa chini, tumbo. Pale juu panapofunguka, bakuli. Na kile kipande chenye miguu miwili, kinachovutwa nje ili sauti ishuke au kusukumwa ndani ili ipande, tukakiita mtelezo. Kumbukeni hilo la mtelezo. Bomba likirefuka, sauti hushuka, likifupika, hupanda. Ndiyo elimu yote ya ala hizi, na inaweza kuandikwa kwenye kiganja.

Zana nazo zilikuwa za kuokota. Bonde kwenye bomba halifikiwi na mkono, kwa hiyo unatia gololi ya chuma inayokaribia upana wa bomba, unaitikisa ipige bonde kwa ndani, huku kwa nje unagonga pembezoni kwa nyundo ya mbao. Gololi nilizifuata hadi Samburu, kwenye barabara kuu, kwa mafundi wa malori wanaozitoa kwenye bolibearingi zilizokufa. Nilikuwa na kipimo changu, nikachagua moja moja kwa saa mbili, saizi kumi na tisa tofauti. Fundi mmoja akamuuliza mwenzake kama nina akili timamu. Mwenzake akasema huenda ninacheza bao. Vizibo vya kuzuia pistoni zisigonge nilivikata kwenye soli za ndara. Springi za kalamu nilizijaribu, ni dhaifu, msirudie. Bomba la kukunjwa lijazeni lami iliyoyeyushwa, igande kwanza ndipo mkunje, kisha lipasheni moto itoke. Mimi nilianza na mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ulikuwa bure. Ulikunja vizuri sana, na chumvi yake ikalitoboa bomba baada ya mwezi mmoja.

Mwaka wa pili bendi zilianza kuja zenyewe, kutoka Likoni hadi karibu na mpaka. Robo tatu ya wagonjwa wote tatizo lao lilikuwa nyigu. Nilikuwa natoa matope, napokea shukrani za daktari wa upasuaji, na sisemi neno. Besi mbovu zisizopona nilizinunua, nikazifungua, nikapanga vipande vyake kwa upana na urefu kwenye rafu. Koo la huyu lilienda kwa yule, pistoni za yule kwa huyu. Ilifika wakati naweza kusikia harusi ikipita na kujua kwamba ile besi ina tumbo la Kinango na bakuli la Mombasa. Hakuna raha kama hiyo. Mwenye kutengeneza magari hawezi kuisikia kazi yake ikisherehekewa na vigelegele.

Sasa nije kwenye kazi ngumu kuliko zote, ambayo baadhi yenu mmeisikia kwa watu, na wameiongeza chumvi.

Mwaka wa nane wa karakana, Jumapili asubuhi, alikuja Bi Mwanamisi wa Msambweni. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye bendi ya watu saba: tarumbeta nne, ngoma mbili, na besi, na besi alikuwa akiipuliza yeye mwenyewe. Ilikuwa ya mumewe, marehemu Kombo. Kombo alipofariki hakupatikana mwanamume mwenye pumzi ya kutosha, naye Bi Mwanamisi alikuwa na pumzi. Watu walisema. Yeye aliniambia hivi: "Walikuja kuangalia mwanamke anapuliza besi. Wakasahau kuangalia, wakacheza." Aliishusha besi kwenye bodaboda, imefungwa kanga mbili.

"Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa. Jana amekohoa mbele za watu."

Nikafungua kanga. Ilikuwa inang'aa kuliko ala yoyote niliyowahi kuiona, ya dhahabu kabisa, na hapa na pale ina madoa ya waridi. Nikagusa tumbo kwa kidole gumba, polepole. Kidole kikaingia ndani.

"Unaisafisha kwa kitu gani?" nikamuuliza.

"Ukwaju!" Alisema kwa fahari. "Ukwaju na chumvi, halafu majivu. Kila kabla ya harusi. Na ndani namimina pia, maana usafi wa nje tu ni unafiki. Masinia ya marehemu mama yangu yana miaka hamsini, nenda kayatazame."

Nililazimika kumweleza. Sinia ni nene, na ukishalisugua unalisuuza na kulianika. Bomba la besi lina unene wa nusu milimita, na kilichomiminwa ndani hakitoki chote. Shaba ya manjano ni ndoa ya metali mbili, shaba nyekundu na zinki. Ukwaju huila zinki kidogo kidogo, ikabaki shaba peke yake, ya waridi, yenye vitundu kama biskuti. Nje inang'aa, ndani hakuna kitu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemla," akasema.

"Ukwaju ndio uliomla, Bi Mwanamisi."

"Ukwaju hauna mikono, fundi."

Kisha akaniambia hali ilivyo. Jumamosi ijayo palikuwa na harusi kubwa Msambweni, na bendi ilikuwa imeshachukuliwa. Lakini baada ya aibu ya jana watu wa bwana harusi walikuwa wamemwendea kijana wa Ukunda mwenye spika kubwa, wakamwambia akae tayari. Besi isipolia, spika zitalia. "Na wakishaonja spika mara moja," alisema, "hakuna atakayetuita tena. Tutakuwa watu saba tunaohadithiana." Nikampa ajaribu besi nyingine kutoka rafuni, nzuri, niliyokuwa nimeimaliza mwezi ule. Aliipuliza noti tatu, akanirudishia. "Hii ina sauti ya mtu mwembamba. Mimi nataka huyu huyu."

Nilikuwa na siku tano, na sikuwahi kuwa na siku tano tamu kama zile. Koo lilitoka. Tumbo lilitoka, nikaweka tumbo kutoka ile besi ya hoteli isiyo na pistoni, ambayo nilikuwa nimeitunza miaka minane bila kujua ninamtunzia nani. Lilikaa kana kwamba vilizaliwa pamoja! Halafu nikafika kwenye mtelezo. Ulikuwa wa kutengenezwa kwa mkono, mguu mmoja wa shaba ya manjano na mmoja wa bomba la maji, na lehemu imevimba kwenye viungo kama majipu. Niliupima. Daftari la saba, mtaona mwandiko wangu: "Mtelezo umezidi sentimita 5.8 kila mguu. Kosa la fundi wa awali." Nikauvua, nikaweka mtelezo wa kiwandani. Ule wa zamani nikautupa kwenye gunia la mabaki, na Jumatano mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita, gunia likaenda naye.

Siku hizo nilikuwa na programu kwenye simu inayoonyesha kwa mshale kama noti iko juu, iko chini au imekaa sawa. Jumatano jioni niliipuliza besi ya Kombo, na mshale ukasimama katikati kama nguzo. Nilicheka peke yangu. Nilijua nimeifanya bora kuliko ilivyotoka kiwandani.

Alhamisi baada ya swala ya Alasiri niliipeleka Msambweni, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanamisi, na bendi nzima ilikuwa inangoja. Aliipokea, akaipakata, akafumba macho, akapuliza. Sauti ilitoka nene, imejaa, safi. Wote wakaitikia "Mashallah". Kisha wapiga tarumbeta wanne wakainua zao, ngoma ikaanza, wakaingia pamoja.

Sijui niielezeje. Ilikuwa kama paka wawili ndani ya gunia moja, na kila mmoja ana haki yake. Walisimama. Wakaanza tena. Ikawa vile vile.

Tarumbeta ya kwanza alikuwa bwana mmoja mwembamba, Athumani, mwuza mbata, mwenye mdomo. "Bi Mwanamisi," akasema, "huyu umemrudisha wewe, au mmebadilishiwa hospitali?"

Nikatoa simu. Nikampima Athumani, nikampima wa pili, wa tatu, wa nne. "Besi iko sawasawa," nikasema. "Nyinyi ndio mko chini."

"Sote wanne?"

"Nyote wanne."

"Na ngoma yangu je?" aliuliza mpiga ngoma. "Nayo iko chini? Niiweke juu ya kiti?"

Walicheka, lakini Athumani hakucheka. Aliweka tarumbeta yake begani. "Fundi, wewe huswali jamaa?"

"Naswali."

"Imamu akirukuu, wewe hufanya nini?"

"Narukuu."

"Akirefusha kisomo, humpiti?"

"Simpiti."

"Basi. Kombo alipotengeneza besi hii, miaka kumi na minne iliyopita, ilitoka iko chini. Hatukusema imekosea. Tulishuka nayo, tukavuta mitelezo yetu, kila mtu kipimo chake, mpaka tukakaa safu moja. Leo wewe umetuletea imamu anayeswalisha kwa saa ya Nairobi."

Nilirudi kwenye simu, nikatazama nilichokuwa nimeandika. Wote wanne walikuwa chini kwa kiasi kimoja, karibu nusu ya hatua kati ya noti na jirani yake. Watu wanne wakikosea kwa kipimo kimoja, hayo ni makubaliano. Na mimi nilikuwa nimeyang'oa makubaliano ya miaka kumi na minne, nikayatia guniani.

Nikawaambia wasukume mitelezo yao ndani. Haikusogea hata mmoja. Bi Mwanamisi alikuwa mkarimu: kila alipoiogesha besi yake kwa ukwaju aliziogesha na tarumbeta, na mitelezo ilikuwa imeshikana kama iliyochomelewa. Nilijaribu ule wa Athumani kwa koleo na kitambaa, nikasikia mlio mdogo wa kupasuka, nikaacha. Mabomba yale yalikuwa yameliwa. Kuzifungua tarumbeta nne bila kuzivunja ni kazi ya wiki mbili, na harusi ilikuwa baada ya siku mbili. Aliyeweza kushuka alikuwa mmoja tu, besi.

"Ule mtelezo wa zamani uko wapi?" Bi Mwanamisi akauliza.

Nilitamani anitukane mtu mwingine kwanza. "Nimeuuza," nikasema. "Kwa mwenye vyuma."

"Kombo aliutengeneza siku tatu, amekaa kizingitini pale, ameninyima hata nafasi ya kupita." Alinionyesha kizingiti kwa kidevu. "Nawe umemuuza kwa kilo."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vyuma chakavu Ukunda, halijafunguliwa. Mwenyewe alipofika nikamweleza ninachotafuta. Tulimwaga magunia matatu. Mtelezo ulikuwa katika la tatu, na mguu wa bomba la maji ulikuwa umepondwa kwa nyundo ili gunia lifungike. Ule wa shaba ulikuwa mzima. Nikaukumbatia, na hapo nikakosa akili, kwa sababu yeye aliniona.

"Hiyo ni antiki," akasema.

"Jumatano ilikuwa takataka!"

"Jumatano ulikuwa unauza."

Nilimlipa, nikapanda boda hadi Bongwe. Mguu uliopondwa nilijua cha kuufanyia, maana daftari lilikuwa na vipimo vyote, pamoja na lile neno la aibu. Bomba la maji halikuhitajika. Bomba la kiyoyozi la robo tatu ya inchi, shaba nyekundu, nilikuwa nalo vipande kumi, na upana wake unaingia pale kama uliagizwa! Nilikata kwa urefu wa Kombo, sikupunguza wala sikuongeza. Majipu ya lehemu niliyaacha. Moto niliuzungusha, pua yangu ikasubiri harufu, na risasi ikazunguka. Saa tano na robo nilikuwa nimemaliza, na msikitini bado hawajaadhini. Nikapuliza, nikaangalia simu. Mshale uliporomoka upande wa kushoto, ukatulia pale pale walipokuwa wale tarumbeta wanne. Nimepima maelfu ya noti katika kazi hii, na hiyo moja iliyokosea ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Niliruka, wallahi, peke yangu, na besi mikononi.

Baada ya swala nilikuwa Msambweni. Bi Mwanamisi aliupapasa mtelezo kwanza, mguu wa manjano, kisha ule mwekundu. "Huu ni wa nani?"

"Wa hoteli."

"Haya. Kombo alipenda hoteli, ila hakuwahi kuingia." Akapuliza.

Tarumbeta ziliingia, na safari hii hapakuwa na paka. Sauti zilikaa safu moja, bega kwa bega, chini ya mahali ambapo dunia nzima imekubaliana, na zikaujaza uwanja. Athumani alipiga beti mbili macho kayatoa, halafu akashusha tarumbeta na kunielekeza kidole. "Subhanallah, fundi," akasema, kama anavyoambiwa imamu aliyesahau, ingawa mimi nilikuwa nimeshakumbuka. Mpiga ngoma alicheka hadi akapoteza mapigo.

Jumamosi alasiri bwana harusi alitolewa kwao kwa mguu, na mimi nilifuata nyuma, sikualikwa. Kijana wa spika alikuwa amekuja kwa tahadhari, pikapu yake imeegeshwa kando, jenereta tayari. Bendi ilipopita mbele yake bakuli la besi lilikuwa linatetemesha vioo vya gari lake. Mama mmoja mzee alitoka mlangoni na ungo mkononi, akasikiliza, akapiga kelele ndani ya nyumba: "Njooni! Kombo huyo anapita!" Wakatoka wote. Vigelegele vilianzia pale, vikaenda na barabara. Nilipogeuka, kijana wa spika alikuwa amekaa juu ya spika yake, anagonga mguu.

Bendi ile inaitwa hadi leo. Bi Mwanamisi husafisha besi kwa maji na sabuni, na ukwaju ameurudisha kwa samaki. Tarumbeta nne nilizibadilisha mabomba moja moja, kwa mwaka mzima, na zote nikaziacha chini kwa kipimo cha besi. Katika daftari la saba nimeyafuta kwa mstari mmoja maneno "kosa la fundi wa awali", ili yasomeke bado, na juu yake nimeandika "kipimo cha bendi". Ndiyo sababu hamjaniona nikipokea besi peke yake tangu siku hiyo. Mwenye besi aje na wenzake wote, wapige kwanza, mimi nikae nisikilize, na simu ibaki mfukoni.

Mmeniuliza kosa lile lilinigharimu kiasi gani. Mtelezo niliuuza kwa shilingi sitini, nikaununua tena kwa mia moja na themanini. Hasara ilikuwa shilingi mia moja na ishirini.